Ukungu wa Nyambene, mashine ya mkononi na vidonge vya Kichina

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa miraa hapa Maua, nina umri wa miaka 46. Kila Juni na Julai, ukungu unaposhuka Nyambene, sikosi mafua na kikohozi. Majuzi muuzaji wa dawa za Kichina alinishikisha chuma cha mashine fulani, akasema upepo na baridi vimeniingia mwilini na kinga yangu imeshuka. Ameniuzia vidonge vya mwezi mmoja kwa bei ya mbuzi. Nina presha na ninameza dawa zake kila siku. Je, ni kweli Wachina husema baridi huvunja kinga? – Msomaji, Maua

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli husema hivyo. Ila Wachina ni wengine na huyo aliyekuuzia ni mwingine, kwa hivyo nitawajibu mmoja mmoja.

Kitabu mama cha tiba yao, Huangdi Neijing, kilikusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita. Humo ugonjwa ni mvutano kati ya nguvu njema ya mwili na uovu unaotafuta pa kuingilia. Nguvu hiyo huitwa qi. Fungu lake moja kazi yake ni ulinzi tu: hupita chini ya ngozi, hupasha mwili joto, hufungua na kufunga vinyweleo, kama nthaka wa Ameru wa zamani waliolinda mipaka. Huzaliwa kutokana na chakula, husambazwa na mapafu, na mizizi yake iko kwenye figo. Mchana huzunguka sehemu za nje za mwili, usiku hurudi ndani, na ndiyo sababu aliyelala huonywa asipigwe na upepo. Kisogo ndicho wanachokiona kuwa mlango mkuu wa upepo.

Maadui wa nje ni sita: upepo, baridi, joto la kiangazi, unyevu, ukavu na moto. Upepo ndio kiongozi wa msafara, wengine huingia nyuma yake. Kutoka ndani huja hisia saba zinapozidi kiasi: furaha, hasira, wasiwasi, mawazo mengi, huzuni, hofu na mshtuko. Ongeza ulaji ovyo na kazi ya kupita kiasi.

Bibi yeyote wa Nkubu au Runyenjes anayemvisha mjukuu sweta mbili mwezi wa Julai angeketi na daktari wa Kichina wakaelewana vizuri sana. Lakini kuelewana si ushahidi. Mafua huletwa na virusi. Baridi ina mchango wake: virusi vingi vya mafua huzaana vyema puani panapopoa, na msimu huo tunajifungia ndani, madirisha yamezibwa, moshi wa kuni umetanda, tukipumuliana. Pasipo virusi, ukungu wa Nyambene utakutetemesha tu.

Hata Wachina hawakuwa na kauli moja. Mwaka wa 1642, baada ya kushuhudia magonjwa ya mlipuko yakifyeka watu, daktari Wu Youke aliandika kwamba maradhi hayo hayatokani na baridi bali na kitu mahususi kinachoingia kwa pua na mdomo. Na kufikia karne ya 16 walikuwa tayari wakipuliza unga wa magamba ya ndui puani mwa watoto ili kuwakinga, ilhali Edward Jenner wa Uingereza alifanya jaribio lake la chanjo mwaka wa 1796. Kwa hivyo siwadharau hata kidogo.

Qi haijawahi kupimwa katika maabara. Dawa hupimika. Katika miaka ya 1970, mtafiti Tu Youyou alifuata dokezo la kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, akapata artemisinini kutoka kwa mmea wa Artemisia annua, na mwaka wa 2015 akatuzwa Nobel. Dawa ya malaria anayopewa mgonjwa leo huko Mbeere ina asili hiyo. Ilipita kwa sababu ilipojaribiwa iliua vimelea.

Sasa huyo muuzaji. Mashine ya kushika chuma haimo katika tiba ya jadi ya Kichina. Daktari wao hukuwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, hutazama ulimi, hukuhoji kuhusu usingizi, hamu ya kula, choo na hata hasira zako. Katika barua yako sioni swali hata moja uliloulizwa. Angeuliza, angejua unauza miraa, na pengine unaitafuna pia.

Hapo ndipo ninapoogopa. Dawa yao maarufu ya upepo na baridi, tangu enzi za Zhang Zhongjing karibu mwaka wa 200, ni mahuang, mmea wenye ephedrini. Ephedrini ina undugu wa karibu na kathinoni iliyo katika miraa na muguka. Zote mbili huuendesha moyo mbio na kupandisha presha. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka wa 2004. Mtu mwenye presha, shavuni miraa ya kangeta, tumboni mahuang, anaweza kupata kiharusi. Wenzako wa Mbeere wenye muguka wasijidhani wako salama. Sijaviona vidonge vyako, na huenda mahuang haimo, ila hilo halikutakiwa kuwa jambo la kubahatisha.

Isitoshe, miraa huua hamu ya kula na usingizi. Chakula ndicho Wachina wanachosema huizalisha qi ya ulinzi. Daktari wa Beijing anayeijua kazi yake angekuambia upunguze kutafuna kabla hajakuuzia hata jani. Nami nakuambia vivyo hivyo.

Kinga inayoshuka kweli mara nyingi ina jina: kisukari, VVU, lishe duni. Pima sukari na VVU. Kikohozi kikizidi wiki mbili, pima kifua kikuu. Katika hospitali za umma kipimo hicho ni bure. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya mafua, hutolewa kila mwaka.

Vidonge hivyo acha kuvimeza leo. Peleka chupa kwa mfamasia asome viungo vyake na kutafuta nambari ya usajili ya Bodi ya Dawa na Sumu. Ikikosekana, usivirudie tena. Dawa zako za presha usiziache hata siku moja.