Nafaqa ya Mtoto Ambaye Wazazi Wake Hawamo Katika Ndoa, na Hukumu ya Kubadili Mapatano ya Zamani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku kila kiumbe, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Limekuwa ni jambo la kuulizwa mara kwa mara katika miji ya pwani. Mwanamume na mwanamke wana mtoto, wala hawamo katika ndoa. Mtoto alipokuwa akinyonya, wazee wa pande mbili walikaa barazani wakapatana, ikaandikwa khati kwamba baba atoe kila mwezi fedha kadhaa. Miaka tisa imepita. Yule aliyekuwa akinyonya sasa ala sahani kamili, asubuhi yuko skuli na alasiri yuko chuo cha Qur'ani, na viatu alivyonunuliwa kwa Idi iliyopita vimekwisha kumbana. Baba bado atoa kile kile cha zamani, na aambiwapo aongeze huinua khati na kusema kwamba Muislamu hufungwa na sharti aliloliweka. Na huenda mambo yakawa kinyume: baba alikuwa na kazi bandarini, kazi imekwisha na macho yameingia ukungu, na mama amshika kwa khati ile ile, ataka kilichoandikwa bila ya kupungua hata senti.

Wote wawili wamekosa njia kwa sababu moja. Wameyafanya mapatano ya kumlisha mtoto kuwa kama mauzo ya shamba, ambayo bei ikishakatwa imekatwa. Na hadithi ile ya masharti aliyoipokea Tirmidhi haiishi pale wanapoikatia, kwani mwisho wake huliondoa kila sharti lenye kuharimisha halali au kuhalalisha haramu. Kumnyima mtoto chakula chake kwa sababu ya karatasi ni katika hayo yaliyoondolewa.

Asili ya jambo hili ni kipimo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, nafaqa ya mke ina kipimo maalumu: mwenye wasaa hutoa mudi mbili za chakula kila siku, wa katikati mudi moja na nusu, na mwenye dhiki mudi moja. Lakini nafaqa ya mtoto haikuwekewa mudi wala kibaba. Kipimo chake ni kifaya, yaani kile kinachomtosha, kwa umri wake na hali yake, katika chakula na nguo na makazi na dawa. Dalili yake ni kisa cha Hindi binti Utba, alichokipokea Bi Aisha na kikaandikwa na Bukhari na Muslim. Alishitaki kwa Bwana Mtume kwamba mumewe Abu Sufyani ni mtu mwenye mkono mzito, naye akamruhusu achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Hakumtajia dirhamu ngapi. Na kinachotosha hakikai mahali pamoja: kinachomtosha wa miaka miwili hakimtoshi wa miaka kumi na moja, na fedha iliyonunua kisaga cha unga mwaka ule haikinunui mwaka huu. Basi kile kiasi kilichoandikwa katika khati ni makisio ya kifaya ya siku ile tu. Kifaya kikibadilika, makisio hubadilika pamoja nacho, wala si kuvunja ahadi.

Na upande wa mtoaji pia umewekewa mpaka. Katika Suratut Talaq, aya ya 6 na ya 7, wazazi walioachana wameamrishwa kushauriana kwa wema katika jambo la mtoto wao, kisha ikaelezwa kwamba mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa riziki atoe katika kile alichopewa na Mola wake. Na ajue msomaji kwamba amri ya kushauriana haikufungwa kwa siku moja ya kuandika khati. Maulamaa wamesema kwamba nafaqa ya mtoto humpasa baba katika kile kinachozidi chakula chake na cha mkewe kwa siku ile, usiku na mchana. Asiyekuwa na ziada hakalifishwi. Lakini mwenye nguvu ya kufanya kazi, akakaa barazani akicheza bao na kudai kuwa hana kitu, huyo hana udhuru. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba yampasa kuchuma kwa ajili ya mwanawe kama anavyochuma kwa ajili ya nafsi yake. Na mtoto mwenye mali yake mwenyewe, kama aliyerithi kutoka kwa bibi yake, hulishwa katika mali hiyo.

Hapo hutokea swali: je, mama aweza kusamehe? Ni wengi walioandika katika khati kwamba mama hatadai tena lolote, mradi baba asimfuate mtoto, au baba asitoe kitu na mama asimwonyeshe mtoto. Sharti kama hili halina uzito. Nafaqa ya siku zijazo ni haki ya mtoto, na mama ni mshika amana tu. Haki ya mtu husamehewa na mwenyewe, na mtoto mdogo hana usemi wa kusamehe. Hata mwanamke aliyejikomboa katika ndoa kwa kujitwika malezi ya watoto, hayo ni baina yake na yule mume. Akishindwa, watoto hawaachwi na njaa, bali baba ndiye atakayeulizwa. Na kumwona mtoto hakuuzwi kwa nafaqa, wala nafaqa haizuiliwi kwa sababu baba amenyimwa kumwona. Na mama akiolewa na mtu mwingine, haki yake ya kulea yaweza kuondoka, lakini nafaqa haihami kwenda kwa baba wa kambo. Wanaume wengi hukata nafaqa siku ya harusi ya mama, na hawana dalili yoyote ila hasira.

Sasa yapasa kupambanua ni nani hao wasiokuwa katika ndoa, kwani watu huwachanganya. Wa kwanza ni walioachana kwa talaka. Hukumu yao ni hiyo iliyotangulia. Wa pili ni wale ambao ndoa yao haikuandikwa popote, au ilifungwa na kasoro nao wakaidhania kuwa ni sahihi. Kuandikwa si nguzo ya ndoa. Nguzo ni mume, mke, walii, mashahidi wawili, na matamshi ya kuozesha na kukubali. Mtu aliyeozwa na walii mbele ya mashahidi, kisha akasimama mbele ya karani akasema "hatukuoana" kwa kuwa hapana cheti, huyo amekata nasaba ya mwanawe kwa ulimi wake ili apunguze shilingi za mwezi, na amejibebesha jambo zito kuliko shilingi hizo. Na ambaye ndoa yake ilikuwa na kasoro bila ya wao kujua, mtoto wake ni mtoto wa shubha: nasaba yake yathibiti kwa baba, na nafaqa yampasa baba.

Wa tatu ni waliozaa kwa zinaa. Hapa madhehebu ya Shafi yako wazi: mtoto huyu nasaba yake ni kwa mama, wala haithibiti kwa yule mwanamume hata akikiri, na nafaqa yake kwa asili ya fiqhi ni juu ya mama na wazee wa mama. Wako wanaume walioisikia hukumu hii nusu, nao wakaifanya ngao. Mtu alitia saini mbele ya wazee kwamba atalisha, akalisha miaka mitatu, kisha akasikia barazani kuwa "si mwanawe kisharia", akakunja mkono. Elimu ya namna hii ni balaa. Kwanza, neno alilolitoa ni ahadi, na Imamu Nawawi ameeleza katika kitabu chake cha Adhkari kwamba kutimiza ahadi ni jambo lililohimizwa sana na kuivunja ni karaha kubwa. Hakusema kuwa ni mchezo. Pili, akiwa alitamka kwa namna ya nadhiri, kwamba ni juu yake kwa Mwenyezi Mungu kumpa mtoto kadha wa kadha, basi limekuwa wajibu kamili, halipungui ila kwa kushindwa kwa kweli. Tatu, kumlisha mtoto mhitaji ni sadaka ambayo hapana madhehebu yaliyoikataza, na aliyekuwa sababu ya mtoto huyo kuja duniani ndiye wa kwanza kustahi. Nne, sheria ya nchi yaweza kumlazimisha, na kulisha si maasi hata akatae kutii.

Lililo kweli ni kwamba kutoa huko hakuleti nasaba katika madhehebu, wala urithi. Basi khati iandikwe kwa maneno yaliyo sawa, isije ikachanganya watu baada ya vifo. Ama mtoto mwenyewe, hana dhambi. Suratul An'am, aya ya 164, yatosha: hapana mwenye kubeba mzigo wa mwingine. Haramu lilikuwa tendo, si mwana, na yule amwitaye jina lile baya mbele ya wenzake chuoni amtesa asiyekosa.

Jambo jingine wasilolijua wengi, nalo lawaumiza kina mama, ni habari ya miezi iliyopita. Nafaqa ya mke ikipita siku zake bila kutolewa hubaki kuwa deni juu ya mume. Nafaqa ya mtoto si hivyo katika madhehebu: siku ikipita imepita, wala haiwi deni, ila ikiwa kadhi aliipasisha au alitoa ruhusa ya kukopa kwa dhima ya baba, au kadhi hakupatikana na mama akashuhudisha watu kwamba yale atumiayo atayadai. Mama aliyeuza maandazi miezi mitano akamlisha mtoto peke yake, bila shahidi na bila hukumu, hana la kushika mbele ya kadhi, ingawa baba aliyeweza na asitoe yu katika dhambi; kuanguka kwa deni si kuanguka kwa madhambi. Kwa hiyo khati iliyokaa sandukuni tu ni dhaifu. Na lile lililokwisha kuwa deni kwa hukumu, kwa kuwa mama alitumia mali yake mwenyewe, hilo aweza kulisamehe akipenda.

Sheria za serikali nazo zimepita njia ndefu katika jambo hili, na mfano mmoja wafaa kutafakariwa. Tanganyika iliwekewa mwaka 1949 sheria ya watoto wa nje ya ndoa, na ndani yake ulikuwamo mpaka wa shilingi 100 kwa mwezi. Mpaka ule ulikaa vitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta sheria ile. Shilingi mia za 1949 zilikuwa ni kitu. Za 2009 hazikuweza kumshibisha mtoto hata kwa mlo mmoja. Hivyo ndivyo idadi iliyofungwa inavyooza. Sheria ya 2009 haikutaja idadi, bali yamtaka hakimu atazame pato na mali ya wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto akaapo. Mwenye kusoma fiqhi ataliona neno kifaya humo. Kenya, kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kimewapa baba na mama jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 imefuata hapo. Unguja na Pemba zina sheria yao ya watoto ya 2011. Katika nchi hizi, amri ya mahakama yaweza kurudiwa na kubadilishwa hali zikibadilika. Lakini hukumu iliyotolewa haibadilishwi na mmoja kwa kukunja mkono. Hutiiwa mpaka mahakama iibadili. Na Tanzania bara, ambako kadhi hana nguvu ya kuhukumu ya serikali, shehe ni msuluhishi tu. Mapatano yapelekwe kwa afisa wa ustawi wa jamii au mahakamani ili yapate meno.

Ama namna ya kubadili, lililo bora ni sulhu kabla ya mashitaka. Aliyepatwa na mabadiliko amwambie mwenziwe mapema, wala asinyamaze mpaka mwezi upite. Waketi na watu wawili waadilifu, wahesabu pamoja: unga na mchele, mafuta, ada, daftari, nguo mara mbili kwa mwaka, dawa. Katika khati mpya vitajwe vitu hivi, na fedha itajwe kuwa ni thamani yake kwa mwaka ule, kwani kitu hakipungui kama fedha. Ugonjwa uandikiwe sehemu yake mbali, kwa kuwa hauji kwa mwezi. Iwekwe siku ya kuitazama tena kila mwaka, kama wakati skuli zinapofunguliwa, ili pasiwe na haja ya kugombana ndipo pabadilike. Nyongeza au upungufu uanze tangu siku ya mapatano mapya, usirudishwe nyuma. Ipelekwe kwa mwenye mamlaka aithibitishe. Na wale wapelekao fedha kwa simu wahifadhi ujumbe wa kila mwezi, nao ni ushahidi kwa pande zote mbili.

Khati ya zamani isichanwe. Ikunjwe pamoja na mpya, kwa kuwa deni lililohukumiwa huenda likathibitishwa kwayo, na huenda siku moja mtoto mwenyewe, akiwa mtu mzima, akaja kuitaka aisome. Wallahu aalam.