NYUMBA YA RAHANI ILIYOCHAKAA: Jinsi ya Kuinunua na Kuitengeneza Pasi na Riba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Hakuna mtu wa mwambao asiyepata kuiona nyumba iliyonadiwa kwa deni. Mwenyewe aliiweka rahani, akashindwa kulipa, ikaja siku ya dalali. Na kwa kuwa aliyelemewa na deni hapaki chokaa wala habadili boriti, nyumba ya namna hii aghalabu hufika mnadani ilhali paa lavuja, dari imelala na kuta zimepasuka. Bei yake huwa ndogo, na udogo huo ndio chambo. Mtu huinunua kwa fedha zake zote, kisha akakosa za kuitengeneza, akakimbilia riba. Akawa naye ameweka rahani nyumba ile ile iliyomtoa mwenziwe. Basi ni wajibu kwa mwenye kutaka kununua ayajue mas-ala haya matatu kabla hajapandisha bei.

MAS-ALA YA KWANZA: Je, yafaa kuinunua?

Rahani ni halali. Imetajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 283, na Mtume (S.A.W.) alifariki ilhali deraya yake i rahanini kwa Yahudi mmoja kwa ajili ya shayiri. Muda ukifika na deni halikulipwa, rahani huuzwa, mdai akatwaa haki yake, na kilichozidi kikarejea kwa mwenye mali. Mdai hawi mwenye nyumba kwa kuwa tu muda umepita.

Sheria ya Kenya ya Ardhi ya mwaka 2012 nayo imeweka mipaka. Mdaiwa hupewa ilani ya muda usiopungua miezi 3 ili alipe. Kisha ilani ya kuuza, ya siku zisizopungua 40. Na dalali naye humpa siku 45. Nyumba lazima ithaminiwe kabla ya mnada, na ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, muuzaji hudhaniwa kuwa hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe kinyume. Kwa hivyo nyumba ya bei ya kutupa si bahati njema siku zote. Huenda ikawa ni kesi inayongoja.

Ama lililo safi zaidi ni mnunuzi kumwendea mwenye nyumba kabla ya siku ya mnada, wakapatana bei kwa ridhaa, na mdai akakubali kulipwa kwa fedha hizo. Huyo hutoka na ziada yake mkononi na heshima yake mtaani. Na aya ya 280 ya sura hiyo hiyo imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa. Basi jirani mwenye uwezo wa kumkopesha nduguye pasi na ziada, akaiokoa nyumba isinadiwe, amepata biashara iliyo bora kuliko nyumba.

MAS-ALA YA PILI: Ni nini cha kutazamwa kabla ya kununua?

Kwanza, hati. Ardhi iliyo wakfu haiuzwi. Na Mombasa kuna nyumba nyingi zisizo na ardhi: mtu hununua kuta na paa, na kodi ya kiwanja huendelea kulipwa kwa mwingine. Haya huulizwa katika ofisi ya ardhi na kwa Kamisheni ya Wakfu, hayaulizwi kibarazani.

Pili, jengo. Nyumba ya mnada huuzwa kama ilivyo. Basi mnunuzi na aende na fundi mwashi, si na rafiki. Katika nyumba ya mawe na chokaa, aanze juu: paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani ndivyo vinavyooza kwanza, ilhali kati yake zaonekana nzima. Gharama ya matengenezo iandikwe kwa tarakimu kabla ya mnada. Na nyumba iliyo katika eneo la hifadhi la Mji wa Kale haitengenezwi bila ya ruhusa.

Tatu, muda. Kwa desturi anayeshinda mnada hutakiwa kuweka sehemu ya bei papo hapo, mara nyingi asilimia 25, na iliyobaki kwa muda uliotajwa katika masharti. Akishindwa, huenda akaipoteza amana yake. Wenye kutoa fedha nao husita kuitegemea nyumba iliyobomoka. Hapa ndipo wengi walipoangamia: walishinda nyumba kwanza, kisha wakatafuta mali.

MAS-ALA YA TATU: Mali itapatikana vipi pasi na riba?

Njia ya kwanza ni murabaha, nayo ni kuuza kwa bei ya kununulia pamoja na faida inayojulikana. Benki ya Kiislamu, au tajiri yeyote, huinunua nyumba kwa mali yake, ikaingia katika miliki yake, kisha ikamuuzia mhitaji. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa muuzaji akiuza kwa jumla ya kilichomgharimu, huingia humo ujira wa mshoni na mpaka rangi na mfano wao. Lakini kazi aliyoifanya kwa mkono wake mwenyewe haihesabiwi. Kwa kipimo hicho, ujira wa mwashi na bei ya boriti huingia katika gharama ya nyumba.

Mfano wake: nyumba imenunuliwa kwa shilingi 6,000,000, na matengenezo yamekula 2,000,000. Gharama ni 8,000,000. Faida waliyopatana ni 1,600,000. Bei ni 9,600,000, ikilipwa kwa miezi 96 ni 100,000 kila mwezi. Bei hii haiongezeki hata siku moja. Na ukuta ukianguka kabla ya nyumba kuuzwa kwa mhitaji, hasara ni ya aliyeinunua. Hiyo ndiyo tofauti ya biashara na riba: mfanya biashara hubeba dhamana ya kitu, na mla riba hubeba karatasi tu.

Njia ya pili ni ushirika unaopungua. Wawili hununua pamoja, kila mmoja kwa fungu lake. Mwenye kukaa humlipa mwenziwe kodi ya fungu la mwenziwe, na hulinunua kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yake yote. Baraza la Fiqhi la Kiislamu liliuruhusu ushirika huu kwa masharti mwaka 2004. Miongoni mwake ni kuwa kila mshirika abebe hasara kwa kadiri ya fungu lake.

Njia ya tatu ni istisnaa, nayo ni kuagiza kazi kwa sifa na bei zinazojulikana. Baraza hilo liliipitisha mwaka 1992, na bei yake yaweza kulipwa kwa mafungu. Hii humfaa aliyekwisha kuwa na nyumba, akakosa fedha za kuitengeneza.

Na hapa pana tanbihi kubwa. Aliyekwisha kushinda mnada kwa jina lake mwenyewe hawezi tena kufanyiwa murabaha ya nyumba ile, kwani mtu hauziwi kilicho chake. Kwa hivyo mapatano hutangulia mnada. Mhitaji na aende kwanza kwa mwenye mali. Na akitumwa kwenda mnadani, aende kama wakili, anunue kwa jina la aliyemtuma.

Basi mwenye akili huhesabu kabla ya nyundo kugonga, wala hajengi nyumba yake ya dunia kwa kuibomoa ya akhera. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.