Kuendesha Mashine ya Kusaga ya Dizeli Bila Kuumia

Mwongozo huu ni wa kijana anayekabidhiwa mashine ya kusaga kijijini, ile ya injini na mkanda. Wengi hawaiogopi dizeli. Ni kweli kwamba petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na dizeli huhitaji joto la nyuzi 50 na zaidi. Lakini bomba la moshi la injini iliyosaga asubuhi nzima hupita joto hilo mara kadhaa.

Hatua ya 1: Mafuta. Dumu likae nje ya kibanda, kivulini, limefungwa na kuandikwa DIZELI. Dumu lililobeba petroli lisitiwe dizeli. Petroli kidogo tu huufanya mchanganyiko wote ushike moto upesi. Kuhamisha mafuta, tumia faneli au pampu ya mkono. Usinyonye mpira kwa mdomo. Aliyemeza asitapishwe, kwa kuwa mafuta yakiingia mapafuni ndipo huua. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Hatua ya 2: Kuwasha. Ukipiga hendeli, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudisha, hendeli itachomoka mkononi bila kuvunja kidole.

Hatua ya 3: Mkanda. Hapa ndipo ninapoomba usikilize sana, maana mteja wako mkubwa ni mama aliyejifunga kanga, mtoto mgongoni. Ncha ya kanga ikinaswa na mkanda, humvuta mtu kabla hujafika kuzima. Jenga uzio wa mbao au wavu kuuzunguka mkanda na magurudumu yake, na debe la mahindi lipokewe dirishani. Foleni ikiwa ndefu, watu watasogea. Wazuie, hata akiwa ni shangazi yako. Wewe mwenyewe usivae shati linaloning'inia, wala usipake nta mkanda unaozunguka.

Hatua ya 4: Moshi. Bomba litokee nje, juu ya paa. Moshi una kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilithibitisha kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Kichwa kikiuma, zima utoke.

Hatua ya 5: Kuongeza mafuta. Zima, subiri ipoe, ndipo ujaze. Wateja watanung'unika. Wanung'unike.

Hatua ya 6: Nozeli. Fundi akiijaribu, mkono usikae mbele yake. Dizeli inayorushwa pale kwa shinikizo kubwa hutoboa ngozi kama sindano, na kidonda huonekana kidogo, pengine hakiumi, huku nyama ikifa ndani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ueleze kuwa ni dizeli.

Hatua ya 7: Moto. Maji huyasambaza mafuta yanayowaka. Tumia mchanga mkavu au kizimamoto cha poda. Fagia vumbi la unga kila jioni, nalo huwaka. Ndoo za mchanga zikae mlangoni, si kando ya injini, ili uzifikie hata injini yenyewe ikiwaka.