Kikopo cha mbao chenye mfuniko: kereza mara mbili

Hapa Kingolwira mwembe mzee ukipunguzwa, matawi huishia kuwa kuni au mkaa. Kijana mwenye mashine ya kukereza anaweza kupata humo vikopo vya kuuza. Shida ninayoulizwa sana ni mfuniko: leo unaingia vizuri, mwezi ukipita haufungi, na mteja anarudisha mzigo.

Sababu ni maji. Mti mbichi ukikauka, husinyaa kwa kufuata pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo maana duara linakuwa kama yai.

Fanya hivi:

1. Pasua gogo, toa kiini. Nyufa nyingi huanzia hapo.
2. Vaa miwani. Kereza kopo na mfuniko, toboa ndani, lakini acha ukuta mnene: kipenyo sentimita 10, ukuta sentimita 1 au zaidi kidogo.
3. Paka nta kwenye ncha, funga ndani ya mfuko wa karatasi, weka kivulini. Usianike juani, vitapasuka.
4. Pima uzito kila wiki na uandike. Ukiacha kushuka, vimekauka.
5. Rudisha kwenye mashine, kereza tena viwe duara, ndipo ulinganishe mfuniko.

Mahindi hatuyahifadhi kwa kuyatazama tu, tunapima unyevu usizidi asilimia 13.5. Mbao nazo ni hivyo hivyo, mzani ndio unaosema. Nawashauri muanze na vitatu, oda ya hamsini ije baadaye.