Kabla Hujalipia Gemu ya Bei ya Punguzo

Unapoona "-75%" kando ya jina la gemu, unachoambiwa ni kwamba bei ya leo iko chini ya bei iliyokatwa mstari. Huambiwi kama kuna aliyelipa hiyo ya juu hivi karibuni. Steam, duka la gemu za kompyuta linaloendeshwa na kampuni ya Valve ya Marekani tangu 2003, hufungua misimu mikubwa ya punguzo mwishoni mwa Juni na mwishoni mwa Desemba, mbali na ile midogo ya katikati. Gemu iliyokwisha kuuzwa kwa punguzo mara moja kwa kawaida hurudi tena. Kwa hiyo saa inayohesabu muda uliobaki isikutie kiwewe.

Tazama kwanza historia ya bei. Tovuti ya SteamDB huionyesha bila malipo, na IsThereAnyDeal hulinganisha bei za maduka mbalimbali. Ukikuta gemu ya dola 20 imewahi kushuka mara kadhaa hadi dola 5, nusu bei ya leo si ya kukimbilia. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 28 Mei 2022, kwa kawaida muuzaji anayetangaza punguzo hutakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyotoza ndani ya siku 30 zilizotangulia. Mnunuzi wa Nairobi au Mwanza afadhali ajichunguzie mwenyewe.

Halafu piga hesabu kwa shilingi. Steam haitozi kwa shilingi ya Kenya wala ya Tanzania; bei huja kwa dola, na kiwango cha kubadilisha fedha pamoja na makato huamuliwa na benki au kampuni iliyokupa kadi. Usisahau bando. Red Dead Redemption 2 inahitaji nafasi ya gigabaiti 150 kwenye kompyuta, na kwa anayepakua kwa data ya simu, gharama ya intaneti inaweza kuizidi bei ya gemu yenyewe. Punguzo halipunguzi bando!

Ukijuta, Steam hurudisha pesa endapo hazijapita siku 14 tangu ununue na hujacheza saa 2. Kanuni hiyo inamsaidia pia aliyenunua jana na kukuta bei imeshuka leo: aombe kurudishiwa, kisha anunue upya. Duka jingine la gemu, Epic Games Store, lina masharti yanayokaribiana na hayo. Duka la GOG hutoa siku 30.

Ulinzi huo haugusi namba za kufungulia gemu zinazouzwa na watu wa pembeni, hata kama gemu itachezwa ndani ya Steam. Baadhi ya namba hizo hununuliwa kwa kadi za wizi, na mwenye kadi akilalamika zinaweza kufutwa. Gemu itatoweka kwenye akaunti yako, na wa kumdai pesa ni yule aliyekuuzia, ukimpata.