Korongo Taji na Amana ya Mdhamini



Mimi ni mdhamini wa kujitolea katika shirika dogo linalolinda korongo taji, ndege wa bendera yetu ya Uganda. Tangu 2012 amo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hutaga kwenye vinamasi, na vinamasi vinageuzwa mashamba.

Mwaka jana tulipokea fedha za walinzi wa viota wakati tunadaiwa kodi ya ofisi. Nikashauri tuazime humo, kwani sisi wenyewe hatulipwi hata shilingi. Mzee mmoja wa bodi akaniuliza: "Mwanangu, kutolipwa ndiko kunakokupa umiliki?" Nikanyamaza, kisha nikaomba radhi. Kodi tuliichanga mifukoni mwetu.

Funzo ni hili. Suratun-Nisaa, aya ya 58, inaamuru amana zifikishwe kwa wenyewe, wala haikumvua anayejitolea. Mtoaji alikusudia kiota, na korongo hawezi kuja mkutanoni kudai haki yake.

Nawe unayeshika mfuko wa jumuiya, kabla ya kusaini jiulize: fedha hii ilitolewa kwa ajili ya nani?

Wallahu a'lam.