Nyoka Mchanga Atapikaye Chakula

Katika nchi ya Marekani, pande za kusini-mashariki, yuko nyoka aitwaye nyoka wa mahindi. Wengine husema aliitwa hivyo kwa kuwa huwinda panya karibu na ghala za mahindi; wengine husema ni kwa ajili ya madoa ya tumbo lake, yafananayo na punje za mahindi ya rangi mbalimbali. Nyoka huyu hana sumu. Humwua panya kwa kumzonga na kumbana, kisha humeza mzima. Kwa kuwa ni mpole, watu wengi humfuga nyumbani, hata watoto.

Aanguliwapo, urefu wake ni kama sentimita 25, naye ni mwembamba kama kalamu ya risasi. Hulishwa mtoto mmoja wa panya asiyeota manyoya, kila baada ya siku 5 hadi 7. Lakini pengine mfugaji huamka asubuhi akaona yule panya amelala sandukuni, amelowa na kunuka, na nyoka amejikunja pembeni. Nyoka ametapika. Mfugaji asiyejua humhurumia, akidhani ana njaa, akampa panya mwingine siku ile ile. Naye hutapika tena, akazidi kudhoofika, hata pengine akafa. Basi huruma pasipo maarifa yaweza kuua.

Je, sababu ni nini? Mwili wa mtu hujitengenezea joto lake usiku na mchana. Mwili wa nyoka sivyo: joto lake hutoka nje, katika jua au katika jiwe lililopata moto. Akiwa na joto la kutosha, maji makali ya tumbo huyeyusha panya, nyama na mifupa pia. Akiwa katika baridi, kazi hiyo hupungua sana, na nyama huanza kuoza tumboni. Hapo hana budi kuitapika. Pia hutapika akipewa panya mkubwa mno, akilishwa tena upesi, au akishikwashikwa baada ya kula.

Kumsaidia si kazi ngumu, ila yataka subira.

Kwanza, aachwe bila chakula siku 10 hadi 14, lakini maji safi yasikose. Atapikapo hupoteza yale maji makali ya tumbo, na koo lake huumia. Mwili wahitaji siku za kupona.

Pili, upande mmoja wa sanduku uwe na joto la digrii 28 hadi 30 za sentigredi, lipimwe kwa kipimajoto, wala si kwa kubahatisha kwa mkono. Upande wa pili usiwe na joto jingi, ili nyoka achague mwenyewe.

Tatu, awe na mahali pa kujificha pande zote mbili, maana nyoka mwenye hofu hukataa kula.

Nne, siku zikitimia, apewe panya mdogo, kama nusu ya yule wa kwanza, wala asiguswe kwa siku 2 au 3. Asipotapika, aongezewe chakula kidogo kidogo. Akitapika tena, apelekwe kwa daktari wa wanyama, kwani huenda ana minyoo au ugonjwa mwingine.

Wako na nyoka wachanga wasiokubali panya kabisa. Huko porini wao hula mijusi midogo. Kwa hiyo wafugaji humsugua panya kwa mjusi ili apate harufu yake, na mara nyingi nyoka hula.

Lakini msomaji asiende kuokota nyoka porini ili amfuge. Katika Afrika ya Mashariki wako kifutu, swila na wengine wenye sumu kali, na watoto wao huwa na sumu tangu siku ya kuzaliwa au kuanguliwa. Mafundisho haya ni ya nyoka ajulikanaye kuwa hana sumu.

MASWALI

1. Joto la nyoka hutoka wapi?
2. Kwa nini haifai kumlisha nyoka siku ile ile aliyotapika?
3. Taja mambo manne yawezayo kumfanya nyoka mchanga atapike.
4. Kwa nini panya husuguliwa kwa mjusi?
5. Eleza maana ya maneno haya: "Huruma pasipo maarifa yaweza kuua."